Kocha Aliyesema, "Sikujua"



Somo letu la leo ni juu ya madaraka ya mkubwa. Nitawapeni habari moja ya kweli iliyotokea Marekani mwaka 2023, habari ya kocha mashuhuri aliyefukuzwa kazi kwa sababu ya mambo maovu yaliyotendwa na vijana wa timu yake. Nawaomba msikilize kama wazee wa baraza wanavyosikiliza shauri. Msikate hukumu upesi. Mwishoni nitawaachieni maswali machache ya kuzungumza katika kikundi chenu.

Kwanza yanipasa kueleza mchezo wenyewe, maana mpira wa miguu wa Kimarekani si huu wetu. Mpira wao una umbo kama yai, nao huchukuliwa mikononi. Kila upande una watu 11 uwanjani, wamevaa kofia ngumu na mabega ya kinga, na kazi yao ni kusukumana na kuangushana mpaka mmoja aufikishe mpira mwisho wa uwanja. Huko Marekani vyuo vikuu vina timu za mchezo huo, na watu huzipenda mno. Viwanja vingine vya vyuo huchukua watazamaji zaidi ya 100,000. Kwa hiyo kocha wa chuo ni mtu mkubwa. Mara nyingi mshahara wake huupita mshahara wa rais wa chuo chenyewe, na vijana walio chini yake hupata kuwa 100 na zaidi.

Sasa twende Evanston, mji ulio kando ya Ziwa Michigan, kaskazini ya Chicago. Hapo ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Northwestern. Ni chuo chenye sifa ya elimu, lakini kwa miaka mingi timu yake ilikuwa ya kuchekwa. Hata mwaka 1995 ikawashangaza watu wote kwa kutwaa ubingwa wa ligi yao, iitwayo Big Ten, ubingwa ambao haikuupata tangu 1936. Kijana mmoja aliyesimama imara katika ulinzi siku hizo aliitwa Pat Fitzgerald. Alipewa tuzo ya mlinzi bora wa vyuo vyote mwaka 1995, akapewa tena mwaka 1996.

Baadaye Fitzgerald alirudi chuoni kwake kuwa mwalimu msaidizi wa timu. Mwaka 2006 kocha mkuu, Randy Walker, alifariki ghafula, na Fitzgerald akapewa kazi hiyo akiwa na miaka 31 tu. Akaishika kwa misimu 17, akashinda michezo 110, hesabu ambayo hakuna kocha wa chuo hicho aliyeifikia kabla yake. Mwaka 2021 alitia sahihi mkataba mpya wa miaka 10. Wazazi wengi walimwamini, na wachezaji wengi walimpenda. Basi ndugu zangu, huyu hakuwa mtu wa kupita. Alikuwa mtoto wa nyumba ile.

Mwishoni mwa mwaka 2022 chuo kilipata malalamiko kutoka kwa mtu asiyejitaja jina. Alisema kwamba ndani ya timu wachezaji wapya huteswa na kufedheheshwa na wenzao wa zamani. Ni desturi mbaya ya siku nyingi katika vyuo vya Marekani: mgeni hulazimishwa kutenda mambo ya aibu ili akubaliwe kuwa mmoja wao. Aliyesoma shule ya bweni kwetu Afrika ya Mashariki anajua jambo linalofanana na hilo, jinsi wanafunzi wapya wa kidato cha kwanza wanavyoweza kuonewa na wakubwa wao. Katika jimbo la Illinois, kilipo chuo hicho, mambo hayo yamekatazwa na sheria.

Chuo kikamwita wakili kutoka nje afanye uchunguzi. Wakili huyo akahoji watu zaidi ya 50. Ijumaa tarehe 7 Julai 2023 chuo kikatangaza matokeo kwa muhtasari tu. Mateso yalikuwapo kweli, na wachezaji wengi ama walishiriki ama walijua. Walakini haukupatikana ushahidi wa kutosha kwamba walimu wa timu walijua, ingawa nafasi za kugundua walikuwa nazo nyingi. Kwa hiyo kocha akasimamishwa kazi kwa wiki 2 bila mshahara. Tena ikaamriwa awepo mtu wa kuangalia chumba cha kuvalia, mtu asiyekuwa chini ya kocha, na kambi ya mazoezi waliyokuwa wakiifanya mbali na chuo, huko Kenosha katika jimbo la Wisconsin, ikafutwa kabisa.

Angalieni vizuri hapo. Watu walitangaziwa adhabu, lakini kosa lenyewe hawakuelezwa. Walisikia neno "mateso" tu, na wengi wakadhani ni utani wa vijana.

Kesho yake, Jumamosi, gazeti la wanafunzi wa chuo hichohicho, The Daily Northwestern, likachapa maneno ya mchezaji wa zamani. Yeye alieleza kinaganaga yaliyokuwa yakitendeka katika chumba cha kuvalia: kushikwa kwa nguvu, kuvuliwa nguo, na matendo ya aibu ambayo sitayataja katika somo hili. Siku hiyohiyo ikatoka barua kwa jina la timu nzima, ikimtetea kocha na kusema kwamba habari zile zimetiwa chumvi. Basi chuo kikawa na kelele mbili, kila moja ikivuta kwake.

Usiku wa Jumamosi hiyo rais wa chuo, Michael Schill, aliandika barua kwa watu wa chuo. Alikiri kwamba huenda alikosea katika kupima adhabu. Alisema kwamba alitazama mno jambo ambalo kocha hakulijua, asitazame vya kutosha jambo lililompasa kulijua. Jumatatu tarehe 10 Julai akamfukuza Fitzgerald kazi. Akaeleza kwamba wachezaji 11, wa sasa na wa zamani, walikiri kuwa mateso yalikuwapo. Na kwamba, ingawa haukuonekana ushahidi kuwa kocha mwenyewe alijua, kocha mkuu ndiye mwenye kujibu kwa desturi za timu yake. Kutoka wiki 2 mpaka kufukuzwa zilipita siku 3 tu.

Fitzgerald alikana kwamba alijua. Oktoba 2023 akakishtaki chuo, akidai dola milioni 130. Hoja yake kubwa ilikuwa hii: walikwisha kubaliana juu ya adhabu ya wiki 2, na mtu hawezi kuadhibiwa mara mbili kwa kosa moja. Upande mwingine, wachezaji wa zamani kadha wa kadha nao walikishtaki chuo kwa madhara waliyopata. Mwaka 2025 mashauri haya yalimalizwa kwa mapatano. Mwezi Agosti mwaka huo chuo kilitoa neno kwamba ushahidi uliokusanywa haukuthibitisha kuwa mchezaji ye yote alimpa kocha habari za mateso, wala kwamba kocha aliyakubali au kuyaamuru. Desemba 2025 Fitzgerald akaajiriwa kuwa kocha wa Chuo Kikuu cha Michigan State.

Hiyo ndiyo habari yenyewe. Sasa tuitazame kwa akili ya mzee wa baraza.

Mkubwa anapoletwa mbele ya baraza kwa ajili ya makosa ya watu wake, kuna maswali mawili ya kumwuliza, na maswali hayo hayafanani. La kwanza ni hili: Je, ulijua? La pili: Je, ilikupasa kujua? Mtu aliyejua akanyamaza ni mshiriki wa kosa. Mtu ambaye hakujua, na ilimpasa kujua, hakushiriki kosa, lakini hakuitimiza kazi yake. Tukiyachanganya maswali haya tutafanya moja ya mabaya mawili: ama tutamwacha mkubwa aende zake kwa sababu tu hakuona, ama tutamwita mwovu mtu ambaye alikuwa mzembe tu.

Chuo kile kilianza kwa kulitazama swali la kwanza peke yake. Kilipoona kwamba jibu ni "hatuna ushahidi kuwa alijua", kikaona wiki 2 zatosha. Halafu kelele zilipozidi, kikaruka upesi mpaka mwisho wa swali la pili. Pengine hukumu ya pili ilikuwa ya haki. Mimi naona kwamba mkubwa aliyeshika timu kwa miaka 17, nayo ikawa na jambo linalojulikana na wachezaji wengi, hawezi kuokoka kwa neno "sikujua". Waswahili husema, mwenye macho haambiwi tazama. Lakini hukumu ya haki ikitolewa kwa njia mbaya huonekana kama dhuluma, na aliyehukumiwa hupata mlango wa kulalamika. Kama chuo kingeyapima maswali yote mawili tangu mwanzo, kikasema wazi kosa lilikuwa nini, kingefikia neno moja na kusimama nalo. Nao vijana walioumizwa wasingeachwa kusubiri miaka miwili ya mashtaka.

Tena tujiulize: kwa nini jambo linalojulikana na vijana wengi lisimfikie mkubwa? Sababu si ngumu. Kwanza ni aibu. Kijana aliyefedheheshwa hapendi kusimulia fedheha yake. Pili ni hofu ya kupoteza nafasi katika timu. Na wengi wa vijana hawa masomo yao hulipiwa na chuo kwa ajili ya mpira. Tatu ni lile neno "sisi ni ndugu", ambalo hugeuzwa kuwa kifuniko cha uovu. Nne, nayo ni mbaya kuliko zote, ni kwamba aliyeteswa mwaka huu huwa mtesaji mwaka ujao, na tangu hapo hawezi kusema bila kujishtaki mwenyewe. Hivyo ndivyo desturi mbaya inavyojilinda. Kikulacho ki nguoni mwako.

Basi mkubwa hawezi kukaa ofisini akingoja kuletewa habari, maana habari za namna hii haziji zenyewe. Lazima azifuate. Aingie mahali asipotazamiwa. Awaulize wageni mmoja mmoja, mbali na wenyeji wao. Tena awepo mtu wa nje ya timu, mwenye masikio ya kusikiliza malalamiko, ambaye kocha hawezi kumfukuza wala kumtisha. Huko Marekani habari kama hizi zimewafanya hata watunga sheria waamke. Desemba 2024 ilitiwa sahihi sheria ya nchi nzima inayovitaka vyuo kuandika na kutangaza matukio ya mateso ya wanafunzi wapya, na kuwafundisha wanafunzi namna ya kuyazuia. Sheria hiyo haimalizi ubaya wote, lakini inaondoa lile giza ambamo ubaya hukua.

Jambo la mwisho. Watu wengi walidhani kwamba kumfukuza kocha mpendwa kutaivunja timu. Haikuwa hivyo. Msimu uleule wa 2023 timu iliongozwa na David Braun, aliyekuwa amefika chuoni mwaka huohuo. Mwaka wa nyuma yake ilikuwa imeshinda mchezo 1 na kushindwa 11. Chini yake ikashinda 8 na kushindwa 5. Sisemi kwamba Braun alikuwa bora kuliko aliyemtangulia. Nasema kwamba shule, timu, chama au kijiji hakisimami juu ya mtu mmoja, hata awe mpendwa namna gani. Hofu ya "tutafanyaje bila yeye?" isitufanye tumfumbie macho mkubwa, wala isitufanye tumwambie mdogo anyamaze.

Ninyi mnaonisikiliza, pengine mmoja wenu ni mwalimu wa bweni, mwingine nahodha wa timu, mwingine katibu wa chama. Madaraka yenu ni madogo kuliko ya kocha yule, lakini maswali ni yale yale mawili. Haya, zungumzeni katika kikundi chenu:

1. Ni tofauti gani iliyopo kati ya mkubwa aliyejua akanyamaza, na mkubwa ambaye hakujua lakini ilimpasa kujua? Je, adhabu zao ziwe sawa?

2. Kama ninyi mngekuwa baraza la chuo kile siku ya Ijumaa, mngetoa hukumu gani? Mngewaeleza watu mambo gani?

3. Katika shule, timu au chama chenu, mtu mdogo akionewa amwendee nani? Je, anajua kwamba anaweza kumwendea?

Swali la tatu msilijibu kwa haraka. Mkiona kwamba hamna jibu, basi mmekwisha pata kazi ya kuanzia kesho asubuhi.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.