Njia ya Mabasi na Gari la Mtu Mmoja



Huenda mtu akauliza, chama cha wakulima kina shughuli gani na msongamano wa magari mjini? Shughuli ipo. Lori la mazao likikwama saa nzima katika foleni ya kuingia Dar es Salaam, mafuta yanayoteketea hulipwa na mkulima, kwani gharama ya usafirishaji hukatwa katika bei yake kabla hajazishika fedha.

Basi la mwendokasi lenye urefu wa mita 18 huchukua abiria wapatao 150. Abiria hao wakienda kila mmoja na gari lake, hata magari yakigusana, msururu utapita mita 600. Kwa sababu hiyo jiji lilitenga njia ya mabasi peke yake, kilometa 20.9, kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani. Huduma ilianza Mei 2016.

Kutenga njia lilikuwa jambo jema. Lakini karakana ya mabasi ilijengwa Jangwani, katika bonde la mto Msimbazi, nayo ikafurika maji mara kwa mara na mabasi yakaharibika. Mkulima wa mpunga, pamoja na kupenda kwake bonde, hajengi ghala humo! Mabasi yakipungua abiria husimama kituoni hadi wakachoka. Mwenye uwezo hurudia gari lake, na asiye nao hupanda bodaboda.

Singapore ilianza mwaka 1975 kulitoza gari dogo lililoingia katikati ya mji asubuhi dola 3 kwa siku. Gari lenye watu 4 au zaidi halikutozwa, wala basi, wala lori la mizigo. Magari yaliyoingia saa hizo yalipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Wenye magari walishirikiana viti, wengine wakapanda basi, kwa kuwa basi lilikuwapo.

Basi Makatibu wakiitwa kutoa maoni juu ya mipango ya barabara za mijini, wadai mabasi ya kutosha yatangulie, ndipo tozo ifuate. Tena lori la mazao litajwe wazi katika kanuni. Lisipotajwa litahesabiwa pamoja na gari la mtu mmoja, na mkulima atalipa mara ya pili.