Makao ni Kazi ya Mataifa, na ya Jirani



Leo Chama Kikuu chetu kinatimiza miaka kumi. Wengine watanena juu ya pamba. Sisi tumeombwa kunena juu ya makao, na mambo hayo mawili ni ndugu. Mavuno yakipungua, watoto wetu huenda Mwanza kutafuta kazi, wakakaa juu ya miamba ya Igogo na Mabatini, katika vyumba vilivyojengwa mahali pasipopimwa. Mtu huyo ana paa, lakini hana hakika ya kesho.

Mataifa yamelishughulikia jambo hili tangu zamani. Mwaka 1976 yalikutana Vancouver, nchini Kanada, kwa shauri la makazi. Na mwaka 1987 Umoja wa Mataifa uliufanya kuwa mwaka wa wasio na makao duniani kote.

Mwanza nayo ilionja ushirikiano huo. Kuanzia mwaka 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Serikali ilipima viwanja Dar es Salaam, Mwanza na Mbeya, kwa nia ya kuvipatia barabara na maji, na kila mwenye kiwanja ajijengee nyumba. Shauri lilikuwa jema. Hata hivyo, katika mpango ule viwanja visivyo vichache viliangukia mikononi mwa wenye uwezo, na maskini aliyekusudiwa akakosa. Twajifunza kwamba fedha za mbali zaweza kupima kiwanja, bali haziwezi kumjua mwenye haja. Kumjua ni kazi ya jirani yake.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imefungua njia ya kurasimisha maeneo yaliyojengwa bila kupimwa. Basi, twaomba kila chama cha msingi kiandike majina ya wanachama, wajane na vijana wasio na hati. Kianzishe akiba ya makao kila msimu wa pamba, ili gharama ya upimaji isimlemee mtu mmoja. Na orodha hiyo ibandikwe ukutani, kila mtu aisome.

Wazee wetu wa Usukuma walipounda vyama vya pamba katika miaka ya 1950, walidai mizani ya haki. Nasi tudai orodha ya haki. Msaada ukija, kutoka Dodoma au ng'ambo, utukute tumekwisha kujipanga. Kidole kimoja hakivunji chawa.