Floti Ikiisha, Nani Alaumiwe?
Hotuba kwa wafanyabiashara wanaotoa huduma kwa ubia



Mama anaingia dukani jioni ya siku ya soko. Mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, na mjomba ametuma pesa kutoka Mombasa. Wakala anamjibu, "Pesa taslimu zimeisha, mama." Mama huyo hana haja ya kujua kwamba duka ni la mtu mmoja, leseni ya uwakala ni ya mwingine, mtandao ni wa kampuni kubwa, na fedha zenyewe zimo benki. Kwake, M-Pesa imemwangusha. Kosa la mshirika mmoja limewapaka wote.

Safaricom ilizindua huduma hiyo Machi 2007, baada ya majaribio Thika na Nairobi pamoja na Faulu Kenya. Huko ndiko ilikoonekana jinsi ilivyo vigumu kulinganisha hesabu za kampuni mbili zinazomhudumia mteja mmoja.

Watu husema mtandao huo ulisimama kwa sababu washirika waliaminiana. Ni kweli nusu tu. Wakala hununua floti kwanza, kwa fedha zake mwenyewe, kwa hiyo kampuni haimwachii mali yake. Pesa za wateja hukaa benki katika akaunti ya amana, mbali na fedha za biashara za kampuni. Kila muamala uliandikwa daftarini na mteja akatia sahihi. Hata malipo ya kumsajili mteja mpya yaligawanywa: sehemu alipoandikishwa, sehemu alipoweka pesa mara ya kwanza. Wakala aliyeandikisha majina hewa alikosa sehemu ya pili. Yaliyobaki ya kuaminiana yakawa machache: duka lifunguliwe, floti iwepo, mteja asitozwe zaidi.

Ugumu umebaki pale mkataba ulipo mfupi. Wakala mkuu na mwenye duka hugawana kamisheni, na mwenye duka asiyeonyeshwa hesabu kamili hushuku kila shilingi, hata akilipwa haki yake. Kampuni nazo hushindana: hadi mwaka 2014 wakala wa Safaricom hakuruhusiwa kuhudumia wapinzani wake. Airtel ililalamika kwa Mamlaka ya Ushindani, na kizuizi kikaondolewa.

Halafu kuna ushirikiano usio na mkataba wowote. Floti ikiisha, jirani humkopesha jirani kwa neno la mdomo, kwa kuwa mteja akikosa huduma leo, kesho atapita maduka yote mawili. Desturi hiyo ni nzuri, lakini wengi wameikosania. Wanaokopeshana waandike kiasi na saa, wote wawili watie sahihi, na deni lilipwe kabla ya maduka kufungwa jioni hiyo hiyo.