Presha Isiyopimwa Mkononi

Tunawajua akina mama wanaokosa pumzi wakibeba mtungi wa maji, miguu imevimba, na wakipimwa presha mkononi wanaambiwa iko sawa. Jamani, presha ya mapafu haionekani mkononi. Kwanza daktari hupiga picha ya moyo. Akishuku, hutia ganzi na kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa shingo au paja, kupitia moyoni hadi mshipa wa mapafu. Wastani ukipita milimita 20 za zebaki, presha iko juu. Mrija pia huonyesha kama shida imeanzia upande wa kushoto wa moyo, maana dawa si moja. Kipimo ni ghali. Basi tusingoje mchango wa matanga. Tuchange mapema, mgonjwa akiwa hai.