Bastola kuukuu, risasi ngeni

Ndugu msikilizaji, wiki hii ninayo barua ya mkulima wa kahawa na migomba kutoka miteremko ya Meru, juu ya Usa River. Jina lake nalihifadhi. Marehemu baba yake ameacha bastola moja, rivolva aina ya Smith & Wesson ya wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, aliyoinunua kwa leseni kutoka kwa mlowezi aliyekuwa akirudi kwao. Bastola bado nzima, ila risasi zake zimeadimika. Fundi mmoja wa mjini amemwambia kwamba kwa fedha kidogo atayachimba matundu yake ili yapokee risasi ya aina nyingine, inayopatikana kwa urahisi. "Wezi wanazimaliza ndizi zangu, na sasa wameingia zizini," anaandika. "Je, nimpe fundi kazi?"

Jibu langu ni hapana. Lakini hapana tupu haimsaidii mtu anayeibiwa, kwa hiyo nitaeleza.

Kwanza nisieleweke kwamba nawadharau mafundi wetu. Arusha ni mji wa mafundi. Karakana zetu zinakata Land Cruiser katikati, zinairefusha, zinaiwekea paa la kufunguka, na gari hilo linabeba watalii hadi Serengeti na kurudi. Anayeweza hayo, mtu atajiuliza, atashindwaje na kijibastola cha kiganjani? Tofauti ni hii: gari huonya. Chuma kikianza kupasuka, dereva atasikia mlio, ataona ufa, atasimama. Bastola haina mlio wa kuonya. Mlio wake wa kwanza ndio wenyewe.

Sasa tuitazame kazi inayotajwa. Bastola hizo zilitengenezwa Marekani, zaidi ya 500,000, kwa ajili ya majeshi ya Uingereza na Jumuiya ya Madola. Zilipokea risasi ya Kiingereza ya 38, fupi na nene. Risasi anayoisema fundi nayo huitwa 38, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Ni 38 nyingine, ndefu na nyembamba. Ganda la ile ya zamani lina urefu wa milimita 20 hivi. La hii mpya linapita milimita 29. Haliingii mpaka tundu lichimbwe zaidi kwa ndani.

Fundi atachimba, na risasi itaingia. Ila keekee hupanua, haipunguzi. Sehemu ya nyuma ya tundu itabaki na unene wake wa zamani, na ganda jembamba litakaa humo likipwaya. Baruti ikiwaka, ganda huvimba kujaza nafasi hiyo, na pengine hupasuka, moto wa gesi ukarudi kwa mpigaji. Tena, risasi yenyewe ni nyembamba kuliko mtutu, hivyo hupita bila kukamatwa sawasawa na haina hakika ya kwenda ulikoelekeza. Migombani usiku, palipo na jirani upande wa pili wa uzio, jambo hilo si dogo.

Juu ya hayo kuna presha. Chuma kilipimwa kwa risasi ya wakati wake. Bastola nyingine ya Waingereza, Webley ya 455, ilikutwa na mkasa huo huo huko Marekani baada ya vita. Ziliuzwa kwa bei ya chini, na wafanyabiashara wakaziparua nyuma ya silinda ili zipokee risasi ya 45 ya jeshi la Marekani. Risasi ya Webley ilisukuma kwa presha ya pauni 13,000 hivi kwa inchi ya mraba. Hiyo ya 45 hufika 21,000. Ndiyo kusema kila unapofyatua unaiomba silinda ya kale ifanye kazi ambayo haikuagizwa.

Msikilizaji atauliza: je, bastola ya namna hiyo imewahi kumdhuru nani? Historia inayo moja, na dunia nzima inamjua mwenye nayo. Mwaka 1963 Lee Harvey Oswald aliagiza kwa posta, kwa jina la bandia, rivolva ya Smith & Wesson iliyokuwa imetengenezwa kwa ajili ya Waingereza, ikakatwa mtutu na kuchimbwa matundu ipokee 38 ile ndefu. Bei yake ilikuwa dola 29 na senti 95. Tarehe 22 Novemba mwaka huo, mjini Dallas, baada ya kuuawa Rais Kennedy, bastola hiyo ilimuua askari polisi J. D. Tippit.

Wataalamu wa FBI walipozichunguza risasi zilizotolewa mwilini mwa askari huyo, hawakuweza kusema kwa hakika kwamba zimetoka kwenye bastola hiyo na si nyingine. Kwa nini? Kwa sababu mtutu ulikuwa mpana kidogo kuliko risasi, na alama zilizobaki hazikuwa za kutegemewa. Kilichowasaidia ni maganda yaliyookotwa eneo la tukio. Kumbe aliyeigeuza bastola ile, pamoja na kuifanya rahisi, aliifuta nusu ya sahihi yake.

Hapo ndipo ninapotaka mkulima wetu asimame. Tarehe 21 Aprili 2004 nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, Tanzania ikiwemo, zilitia saini Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo. Moja ya nguzo zake ni kwamba kila silaha iwe na alama na kumbukumbu, ili ikikutwa mahali pabaya ijulikane ilikotoka. Sisi tunaopakana na nchi nyingi tunajua maana yake. Bastola ambayo kitabu kinasema hivi na tundu lake linasema vile inaharibu kumbukumbu hiyo, hata kama mwenye nayo ni mtu mwema.

Tena ndugu yetu anauliza habari za risasi, wakati swali la kwanza ni la leseni. Leseni ya baba ilikuwa ya baba. Mwenye silaha akifariki, silaha yake haigawanywi kwenye kikao cha ukoo kama shamba la migomba. Tangu mwaka 2015 tunayo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, na chini yake anayemiliki silaha na anayeikarabati wote wanahitaji kibali. Kwa hiyo mkulima na fundi wake wangesimama kizimbani pamoja, mmoja kwa kuwa nayo, mwingine kwa kuigusa. Mwaka 2022 serikali ilitoa miezi miwili, Septemba na Oktoba, watu wasalimishe silaha haramu bila kushtakiwa. Muda ule umepita, lakini anayekwenda mwenyewe hawezi kulinganishwa na anayefuatwa.

Nenda basi, ndugu yangu, ukiwa na cheti cha kifo na leseni ya zamani, ukafuatana na mwenyekiti wako wa kitongoji au wakili. Bastola iache nyumbani imefungiwa, uwaulize polisi namna ya kuifikisha. Usiifunge kwenye gazeti ukapanda nayo Hiace ya Tengeru. Ukitaka silaha ya kulinda mali, omba leseni kwa jina lako, kwa silaha ambayo risasi zake zipo.

Na wezi? Wezi wa ndizi huja usiku, tena mara nyingi wanawajua mbwa wa nyumba kwa majina. Kinachowashinda ni taa, zizi lenye kufuli, na majirani wanaoitikana filimbi ikilia. Hivyo vyote vinagharimu fedha na usumbufu, lakini gharama yake unailipa wewe, leo, ukiwa na vidole vyako kumi. Bastola iliyogeuzwa kwa bei ya kutupa nayo ina gharama, isipokuwa hujui italipwa na nani: wewe, mtoto wa jirani, au mjane wa askari.