Msafiri wa Baisikeli na Ukiwa wa Jioni

Wasikilizaji wetu, jioni ya leo twapenda kusema nanyi habari za mtu asafiriye peke yake kwa baisikeli, mwendo wa siku nyingi, mbali na kwao. Habari za mipira na minyororo hatutazigusa; fundi wa kijiji chenu azijua kuliko sisi. Tutasema habari za maradhi mawili yasiyotiwa kiraka, nayo ni uchovu, na ukiwa wa kukumbuka nyumbani.

Chukueni mfano wa njia ya hapa Pemba, nayo iwe siku ya kwanza tu ya safari. Mtu huondoka Mkoani alfajiri, akapita Chake Chake, akafika Konde, kisha akaukata Msitu wa Ngezi mpaka Makangale. Kwa hesabu ya ramani hajaenda mbali, kwa maana urefu wa kisiwa chote hauzidi kilomita 70. Lakini ramani haisemi habari za vilima. Hakuna kilicho kirefu, walakini havina mwisho: washuka bonde la mpunga, wapanda penye mikarafuu, washuka tena, na mpunga ni ule ule.

Ngezi ni baki la msitu mkubwa uliofyekwa zamani, hasa katika karne ya 19, kupisha mashamba ya karafuu. Ndani yake miti hukutana juu ya njia, na giza huingia humo kabla jua halijatua baharini. Ndipo popo wakubwa wa Pemba huamka, na bundi mdogo wa kisiwa hiki, asiyepatikana mahali pengine duniani, huanza kulia. Sisi tulipopita humo peke yetu tulijua vema kwamba ni ndege tu. Lakini aliyelelewa akiambiwa kwamba mlio wa bundi ni uchuro, elimu yake husinzia kidogo saa hiyo.

Hata hivyo shida haimo msituni. Shida ni kutoka msituni na kuingia Makangale wakati wa magharibi. Moshi wapanda juu ya mapaa, samaki wanakaangwa, na kina mama wawaita watoto wao warudi ndani, kila mmoja kwa jina lake. Msafiri asimama na baisikeli yake, na katika majina yote hayo lake halimo. Hapo moyo hugeuka. Huona safari nzima ni upuuzi, na mambo aliyoyachukia kwao, hata kelele za jirani, huyaona matamu.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye neno letu. Mwili huweka akiba ya sukari katika ini na katika nyama za miguu. Mtu akikanyaga kwa nguvu, akiba hiyo yaweza kupungua sana kwa muda wa saa mbili au zaidi kidogo, asipokula kitu. Ikipungua, si miguu peke yake ilegeayo. Ubongo nao hutegemea sukari hiyo, na mwenye njaa huona giza hata penye taa. Ongezeni jasho, ambalo katika jua letu laweza kufika lita nzima kwa saa moja. Basi nusu ya huzuni ya Makangale ilianza Chake Chake, pale msafiri alipokataa kushuka anywe dafu kwa kuona haraka.

Mwaka 1688 tabibu kijana wa Uswisi, Johannes Hofer, aliandika kitabu juu ya ugonjwa wa kutamani kwao, akaona kwamba dawa yake ya yakini ni kumrudisha mgonjwa nyumbani. Twamheshimu, lakini msafiri arudishwaye kwa kila jioni ya njaa hatafika hata Konde.

Yampasa kwanza anywe maji, kisha ale muhogo au ndizi, na kitu chenye chumvi, kisha aoge. Kabla ya hayo asiuulize moyo wake neno lo lote. Kisha akapige hodi, wala asikae chini ya mnazi akingoja kuonewa huruma. “Shikamoo, bibi.” “Marahaba, mwanangu. Watoka wapi? Wewe mtoto wa nani?” Wako vijana wa shule wachukizwao na swali hili, wakasema ni upekuzi. Sisi twaliona ni dawa, kwa sababu ajibuye humtaja baba yake, na mama yake, na mtaa wao, na akimaliza kuwataja si mgeni tena. Mwenye nyumba atampeleka kwa sheha, na mahali pa kulala patapatikana.

Na nyumbani je, awaarifu? Awaarifu, lakini baada ya kula. Apigaye simu kwa mama yake akiwa na njaa humlaza mama macho wazi, ilhali yeye mwenyewe saa moja baadaye ameshiba na anakoroma.

Yuko mtu wa Poland, Kazimierz Nowak, aliyeanza safari yake Tripoli mwaka 1931, akaenda mpaka kusini mwa Afrika, akarudi kaskazini hata Algiers mwaka 1936: yapata kilomita 40,000, kwa baisikeli, kwa miguu, kwa farasi na kwa mtumbwi. Alikuwa ameacha mke na watoto wawili, na muda wote huo alimwandikia mkewe barua. Twaamini barua hizo zilimbeba kuliko magurudumu. Lakini malaria ilimdhoofisha sana, naye akafa Oktoba 1937, mwaka haujatimia tangu arudi. Kwa hiyo uchovu uliochanganyika na homa, baridi na kuumwa viungo usiitwe ukiwa, wala usishindwe kwa ushujaa. Upelekwe kituo cha afya, damu ikapimwe.

Kama hana homa, na amekula na kulala, bado moyo wasema rudi? Asubuhi ndiyo saa ya kuusikiliza, wala hakuna aibu. Magari ya Konde huondoka mapema, na baisikeli hufungwa juu pamoja na mizigo.