Aksanti ya Kila Siku ni Sala

Leo, sikukuu ya jubilei, tunamshukuru Mungu kwa ngoma na nyimbo. Lakini kesho, ngoma zikinyamaza, nani ataendelea kushukuru?

Katika vita vilivyoanza mwaka 1998, watu wengi wa Kasongo na Kabambare walikimbilia porini. Nasi tulikuwamo. Jioni moja mama aliweka mbele yetu sombe bila chumvi, akafanya ishara ya msalaba, akasema: «Aksanti, Mungu Baba.» Mimi niliyetoka seminari ndogo nilikasirika: aksanti ya nini? Akanijibu: «Mwanangu, simshukuru kwa vita, vita ni kazi ya watu. Namshukuru kwa kuwa tungali pamoja.»

Ndipo nilipofahamu kwamba kushukuru si kuficha machozi. Ni kutokubali ubaya utusahaulishe wema wa Mungu. Wakoma kumi waliponywa. Mmoja tu alirudi kwa Yesu, naye alikuwa Msamaria, mgeni.

Basi, kila jioni kabla ya kulala, tuwakusanye watu wa nyumba. Kila mmoja ataje neema moja ya siku: mvua juu ya mpunga, mtoto aliyepona, jirani aliyetuazima jembe. Na jirani huyo tumwendee, tumwambie aksanti. Kisha, siku ya Dominika, tuyapeleke yote altareni, kwani Ekaristia maana yake ni shukrani.

Mungu awabariki ninyi nyote.